Jambia Tuliloliita Bandia

Niliiona ngozi kabla sijaliona jambia. Ilikuwa ndani ya debe la kuwashia moto, kwenye pembe tulipokuwa tunachemshia chai, juu ya maganda ya karanga na karatasi zilizofinyangwa: kipande cha ngozi ya ng'ombe, cheusi kwa samli na moshi, kimepasuliwa kwa wembe kutoka juu mpaka chini. Mshono wake niliujua. Nilikuwa nimeushika kwa mikono yangu wiki tatu nyuma, Butiama, nikiwa nimekalia kigoda cha mwanamke aliyenipa maziwa. Ndugu Alfonsi alikuwa mezani, amenipa mgongo, anafuta chuma kwa kitambaa na mafuta ya cherehani huku akiimba kwa pua. Akasema bila kugeuka, "Mama Manyama, chukua kadi moja, andika. Jambia la askari, vita ya kwanza, taji na namba vinaonekana wazi. Halisi. Daraja la kwanza." Nikamwuliza, la nani? Akasema, "La nani, la nani! Wewe andika tu, mgeni anafika kesho asubuhi." Mwanangu alikuwa mgongoni amelala. Nilikumbuka kwamba amelala, na nikapiga kelele hivyo hivyo.

Sikusema maneno ya mtu aliyesoma mpaka kidato cha nne. Nilisema, "Mshenzi wewe! Hili ni la Wambura! Ulisema bandia! Umenitanguliza mimi nikamwambie bibi wa watu bandia!" Nikatupa kadi, nikatupa kalamu, na kichupa cha wino kikafuata, kikapasuka ukutani juu kidogo ya kichwa chake. Sijutii kichupa. Ninachojutia ni kwamba mkono wangu haukuwa na shabaha. Manyama aliamka akalia, na Alfonsi akanigeukia taratibu, ana matone ya wino kwenye kola, ananitazama kwa mshangao wa kweli kabisa, kama mtu aliyedonolewa na kuku anayemfuga. Akasema, "Shusha sauti, mama. Unaamsha mtoto."

Ndugu Alfonsi amezikwa mwezi uliopita. Nilikwenda, kwa sababu huku kwetu mtu haachi kwenda msibani hata kwa adui, na kwa sababu nilitaka kusikia watasema nini. Walisema vizuri. Mzungumzaji mmoja, kijana mwenye suti, alimwita mtunza historia ya mkoa wetu, mtu aliyekwenda kijiji kwa kijiji kuokoa mali za babu zetu zisipotee. Watu wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Binti aliyekaa karibu nami kwenye mkeka, sahani ya wali na maharage mapajani, aliniuliza, "Bibi, marehemu ulimfahamu?" Nikamwambia nilifanya naye kazi mwaka mmoja, zamani. "Basi ulikuwa na bahati," akasema. Nikaweka sahani chini. Yule binti hakuwa na kosa. Lakini nilirudi nyumbani nikatafuta daftari, na haya ndiyo ninayoandika. Habari za nani alinioa, kwa ng'ombe wangapi, na mimi ni mtoto wa ngapi, nimeziacha. Hazihusiki. Kinachohusika ni mwaka mmoja.

Ulikuwa mwaka wa kuhama. Aliyekuwapo anaujua bila kuelezwa: watu walikuwa wanatolewa kwenye miji yao iliyotawanyika, kila mmoja na mashamba yake na boma lake la ng'ombe, wanapangwa kwenye vijiji vya Ujamaa, nyumba kwa mstari kama wanafunzi kwenye paredi. Wengine walihama kwa kuimba, wengine kwa kusukumwa. Na nyumba ya nyasi ikibomolewa, vinatoka vitu. Vilivyochomekwa kwenye nyasi za paa miaka hamsini vinaanguka: vibuyu vya dawa, pinde, pete za pembe, barua ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Na visu vya Mjerumani. Huku Mara vilikuwa vingi kuliko mtu angedhani. Mjerumani alipopigana na Mwingereza kwenye vita ile ya kwanza, alichukua vijana wa huku, wachache akawapa bunduki na wengi akawapa mizigo. Aliyepewa bunduki alipewa na singe ya kuchomeka mdomoni mwa bunduki, na baadhi yao walizikata zile singe zikawa majambia ya kiunoni, mafupi, ya kupigania kwa karibu. Vita vilipokwisha Mwingereza akataka silaha zote. Walirudisha bunduki. Majambia waliyaficha kwenye paa.

Hapo ndipo ilipoingia Kamati ya Vitu vya Kale. Iliundwa Musoma, na kazi yake ilikuwa nzuri, nataka nilitamke hilo kwa haki: kukusanya vitu kabla havijaozea njiani, kuviandika kwenye daftari kwa jina la mwenyewe, na kuviweka kwenye nyumba ya kumbukumbu ambayo ingejengwa. Ndugu Alfonsi ndiye aliyekuwa mtaalamu wa silaha. Alijifunza kwa Wazungu aliowatumikia zamani, na alikuwa hodari, hilo nalo nalisema. Alihitaji mtu wa kuandika kwa hati nzuri na kutafsiri kwa wazee wasiojua Kiswahili. Mimi nilikuwa na mtoto wa miezi mitano na cheti changu kwenye sanduku, naviangalia vyote viwili vinakua bila kufanya kazi. Nikaajiriwa.

Chumba chetu kilikuwa Mwisenge, hapo hapo Musoma, nyuma ya duka lililokuwa limefungwa. Kilikuwa na dirisha moja lenye nondo, meza ya mninga, makreti yaliyoandikwa chai, na harufu ya mafuta ya taa iliyoingia mpaka kwenye nepi za mwanangu. Saa nne tulikunywa chai ya rangi kwa viazi vitamu. Mchana mama wa nyumba ya jirani alituuzia ugali wa udaga, unga wa muhogo uliovundikwa, na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kukaushwa aliowachemsha kwa nyanya mpaka mifupa ikalainika. Alfonsi alikula polepole, akitenga miiba pembezoni kwa mstari, kama anavyopanga skrubu. Na baada ya kula alinifundisha. Hakunificha kitu. Alinifundisha kutafuta taji dogo mgongoni mwa chuma, na herufi chini yake, na namba mbili za mwaka. Alinifundisha kwamba alama ya kiwandani ilipigwa kabla chuma hakijapigwa msasa wa mwisho, kwa hiyo imelala. Ukipitisha ukucha hauhisi kitu. Alama ya uongo imepigwa baadaye, kwa tindo, nayo imeinua mdomo, ukucha unakwama. Alama ya zamani ina weusi chini kabisa ya shimo; ya uongo inang'aa chini na kuchafuliwa juu. Mpini wa asili unashikwa na skrubu mbili, vichwa vyake vimezama. "Funga macho," alikuwa ananiambia. "Macho yanapenda kuamini. Kidole hakipendi mtu." Nikafunga macho, nikapitisha ukucha, nikasema uongo, uongo, kweli, uongo. Akacheka akapiga meza. "Ukucha wako huu, Mama Manyama, unaishinda miwani yangu!" Hakuna mwalimu aliyewahi kunisifu hivyo. Nilikuwa natembea kutoka Mwisenge kwenda nyumbani kifua mbele, mtoto mgongoni, najiona mtu.

Bunda tulikwenda mara nyingi, kwa Landrova ya kamati, msimu wa pamba. Tulitandika turubai kivulini pa ghala, na watu waliotoka kupima pamba walipita wakituletea vitu huku nyuzi nyeupe zimewaganda kwenye nywele. Siku moja alikuja mzee mmoja mcheshi na kisu kirefu kimefungwa kwenye gunia. Akasema kwa sauti ili watu wasikie, "Hiki kilimuua Mwingereza!" Alfonsi akanipa mimi. Nikafunga macho. Chuma kilikuwa na mabonde ya nyundo, na taji lake lilikwama kwenye ukucha kama kwenye gamba la samaki. Nikasema, "Mzee, hii ni springi ya gari." Alfonsi akaongeza, "Huyo Mwingereza aliyeuawa alikuwa na pembe na alilia mee." Watu walicheka mpaka mwanamke mmoja akakaa chini. Mzee mwenyewe alicheka kuliko wote. "Basi nirudishieni," akasema, "nikaue Mwingereza mwingine Pasaka." Akapewa kisu chake, na mche wa sabuni juu yake kwa ajili ya usumbufu. Ilikuwa siku nzuri. Nimeiweka hapa kwa sababu ukweli una tabia hiyo: mtu akiambiwa kweli na aliyepima kweli, anaweza kucheka akaenda zake.

Butiama haikuwa hivyo. Tulifika kwa Bibi Wakuru asubuhi ya jua kali, nje kidogo, kwenye mji uliobaki peke yake baada ya majirani wote kuanza kubomoa. Nyumba yake bado ilikuwa imesimama. Wakubwa wa kijiji walimpa muda avune mtama kwanza. Alikuwa mwembamba, mrefu, kichwa amenyoa, na hakutuuliza shida yetu mpaka tulipokula. Ndani kulikuwa na giza la moshi na baridi nzuri. Alituletea ugali wa mtama, mlenda, na maziwa ya mgando kwenye kibuyu alichokitikisa mwenyewe huku anamtazama mwanangu. "Huyu anaitwaga nani?" Nikamwambia Manyama. "Jina la mtu mzima," akasema. "Ashike kichwa, asiwe mlegevu." Akamchukua, akamlaza mapajani pake, nami nikala kwa mikono miwili huru, kitu ambacho mama mwenye mtoto mchanga anakithamini kuliko nyama. Nakumbuka niliwaza: mwanamke huyu ananipenda bila sababu.

Ndipo akainuka, akaingiza mkono kwenye paa juu ya mlango, akatoa jambia. Lilikuwa limepakwa samli, na mpini wake wote, mpaka kwenye mwanzo wa chuma, umevikwa ngozi ya ng'ombe iliyoshonwa ikiwa mbichi ikakaukia hapo hapo, ngumu kama kucha. Akaeleza, nami nikatafsiri pale Kiswahili chake kilipoishia. Mume wake Wambura alikuwa askari wa Mjerumani. Askari, alirudia, si mpagazi. Maisha yake yote watu walimtania kwamba alibeba makopo ya Mzungu kichwani kama wengine, naye aliwajibu kwa jambia lile, maana mpagazi hakupewa chuma. Alipokufa, dume la msiba lilichinjwa, na kipande cha ngozi yake kikashonwa kwenye mpini, kwa sababu mkono ulioushika haupo tena na mpini haufai kubaki uchi. Na sasa kwa kuwa nyumba inahama, kitu cha mkononi cha mwenye nyumba ndicho kinachotangulia kuingia nyumba mpya, kabla ya moto, kabla ya mafiga. "Mimi silitoi," akasema. "Nataka mliandike tu. Jina lake liandikwe kwenye kitabu cha serikali kwamba alikuwa askari. Mkishaandika mnanirudishia, nahama naye."

Wakati huo majirani walikuwa wameshajaa mlangoni, maana Landrova haifiki mji wa mtu bila kuwa na mashahidi. Alfonsi alilishika jambia muda mfupi tu. Aliligeuza mara mbili, akalinusa, akanong'ona kwangu, "Mpini wa kienyeji. Kazi ya mfua chuma. Bandia. Mwambie." Kisha akanipa. Sasa nitaandika jambo ambalo sikuliandika kwa miaka mingi. Nililishika, na kwa mazoea nikafumba macho, na kidole gumba changu kikapita juu ya ile ngozi, na chini ya ngozi nikahisi vimbe mbili ndogo, moja juu ya nyingine, pale hasa skrubu mbili zinapokaa. Nilizihisi. Kidole hakikumpenda mtu, kilisema kweli. Nikafumbua macho nikaona uso wa Alfonsi unaningoja, mwalimu wangu, mtu aliyesifu ukucha wangu, na mbele yake watu ishirini. Nikasema kwa lugha yao, kwa sauti ya kusikika, "Bibi, pole. Ni bandia. Limetengenezwa na mfua chuma."

Hakulia. Alimrudisha mwanangu mapajani pangu kwanza, kwa utaratibu, akamfunika miguu. Kisha akauliza, "Kwa hiyo Wambura alinidanganyaga miaka yote ile?" Mlangoni mtu mmoja anayeitwa Masatu, mzee wa rika la marehemu, alicheka kicheko kikavu. "Si nilisemaga? Askari gani! Huyo alipigana vita na sufuria!" Mwingine akadakia, "Alimshinda Mwingereza kwa mwiko!" Na kicheko kikaenda nje, kikazunguka mji mzima, kikarudi. Si kile kicheko cha Bunda. Bibi Wakuru alikaa na mikono juu ya magoti. Alfonsi akasema, kwa upole mkubwa, kwamba kwa kuwa ni kitu kisicho na thamani tutalichukua tu kwa kufundishia, ili wengine wasidanganywe, na akamwachia mche wa sabuni. Yule mama hakukataa. Angekataa nini? Tulikuwa tumeshachukua kilichokuwa ndani yake, kilichobaki kilikuwa chuma. Njiani nilimnyonyesha Manyama na maziwa yale ya mgando yalikuwa bado mdomoni mwangu.

Nimewahi kujiuliza kwa nini nilinyamaza zile wiki tatu. Nilijiambia kwamba vimbe zile zilikuwa mafundo ya uzi. Nilijiambia mtaalamu ni yeye. Msichana aliyesoma alifundishwa hivyo: anayejua zaidi yako akisema, wewe andika. Leo wajukuu zangu wanasoma kuliko mimi nilivyosoma, na bado nawaona wanafumbua macho kutazama uso wa mkubwa kabla ya kutoa jibu ambalo vidole vyao vimeshawapa. Nawagombeza. Hawajui kwa nini bibi anakuwa mkali ghafla juu ya jambo dogo.

Kwa hiyo siku ile ya debe la kuwashia moto, wino unatiririka ukutani, nilimwuliza Alfonsi kwa nini. Naye akanieleza, nafikiri kwa sababu alidhani nikielewa nitatulia. Kinachoitwa halisi mbele ya watu, alisema, kinaingia kwenye daftari la kamati, na kikishaingia hakitoki nchini. Kinachoitwa bandia hakiandikwi popote. Ni kama hakipo. Na kile ambacho hakipo mtu anaweza kumpa mgeni wa Mwanza, ambaye ana marafiki kwao wanaopenda vitu hivi na wanataka kadi yenye maelezo ya mtaalamu. "Mazuri yote tunayaita bandia," akasema. "Mabovu ndiyo tunayaandika. Nyumba ya kumbukumbu yenyewe haitajengwa, mama. Wewe unaijua saruji ilivyo." Nikamwuliza, na ngozi? "Ngozi gani?" Nikamwonyesha debe. Akatazama kwa bidii, kama mtu anayetafuta kitu kilichopotea, na nikaelewa kwamba haigizi. Kwake ilikuwa takataka iliyoficha alama. Nikaiokota, nikaikunja ndani ya kanga, nikaondoka. Jambia sikuliweza, alikuwa amelishika, taji na skrubu mbili vinaonekana wazi, na mimi nina mtoto mgongoni.

Nilikwenda Butiama kwa lori la pamba, siku ya pili yake. Bibi Wakuru alikuwa anaanua mtama. Nilipiga magoti, nikamweleza yote, pamoja na zile vimbe mbili chini ya kidole changu. Nikampa ngozi. Aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama ile sehemu iliyochanwa, akaifumba kwa vidole kama mtu anayetaka kuziba jeraha. Nilidhani atanipiga, na ingekuwa nafuu. Akasema, "Wewe ulijua?"

"Nilihisi, bibi."

"Ukanyamaza."

"Nilinyamaza."

Akaendelea kuanua mtama. Akasema, bila kunitazama, "Mwezi ujao wananihamisha. Nitatanguliza nini mlangoni? Mafiga? Niingie kama mwanamke aliyefukuzwa?" Na halafu, hili ndilo nililorudi nalo: "Chuma chenyewe kinaweza kikapotea, mwanangu, chuma kinapoteaga. Lakini lile neno ulilosemea hapa mbele ya Masatu na wenzake, hilo halijapotea. Liko hapa. Linakula kwangu. Lifuate ulitoe."

Nikasimama pale pale nikamwambia nitakwenda kwa Masatu sasa hivi. Akakataa. Aliniambia mimi ni mtoto tu, nilikuja na gari la serikali nikasema uongo, nikirudi kwa miguu kusema ukweli nani atanisikia? Watasema amenipa kuku. Neno lililokuja na Landrova litolewe na aliyekuja na Landrova. Alikuwa na akili kuliko ofisi nzima.

Ofisini nilikokwenda Musoma, karani aliniacha kwenye benchi mpaka saa nane. Nilinyonyesha mara mbili hapo hapo, na sikujifunika vizuri, makusudi, ili wachoke na mimi. Hatimaye nikaitwa. Karani aliniambia, "Mama, jambia lenyewe la mkoloni. Sisi tunajenga Ujamaa, wewe unatuletea visu vya Mjerumani." Nikamwambia, "Mimi sikuletei kisu. Nakuletea uongo uliosemwa kwa jina lenu." Akatabasamu. "Nenda ukanyonyeshe, mama. Na hata hivyo haya ni malalamiko ya mdomo. Ya mdomo hayana faili."

Haya. Nikanunua karatasi.

Nitasema mapema yaliyotokea baadaye, ili msomaji asisubiri. Jambia halikurudi, lilikuwa limeshakwenda na mgeni, na pengine leo limetundikwa kwenye ukuta wa mtu ambaye anaisoma kadi iliyoandikwa na mkono mwingine. Alfonsi alihamishwa sehemu nyingine, wala si kwa aibu. Lakini mwenyekiti wa kamati, mzee mmoja asiyependa maneno mengi, alipanda Landrova mwenyewe akanichukua tukaenda Butiama. Alisimamisha watu wa kijiji kipya kwenye mstari wa nyumba, Masatu akiwa mbele, akasema kwa sauti kavu kwamba jambia la marehemu Wambura lilikuwa la kweli, kwamba mpagazi hakupewa jambia, na kwamba kamati ilisema uongo. Kisha akanigeukia nami nikasema langu. Masatu alitazama chini. Bibi Wakuru aliingia nyumba yake mpya siku hiyo hiyo. Alikuwa ameikataa mlangoni siku tisa, analala kwa jirani. Alitanguliza ile ngozi. Aliniruhusu nisimame nje nitazame, hakuniita ndani. Nami sikustahili kuitwa.

Barua niliiandika usawa wa saa tano asubuhi ya siku iliyofuata, kwenye ngazi za nje ya ofisi ile ile, daftari likiwa juu ya goti na Manyama anachezea kofia ya kalamu. Nakala niliyobaki nayo imepauka lakini inasomeka. Naiweka hapa kama ilivyo.

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Vitu vya Kale,
Musoma.

Yah: Malalamiko kuhusu jambia la marehemu Wambura wa Butiama

Ndugu Mwenyekiti,

1. Mimi ni mwandishi wa kamati yako. Nalalamika rasmi kwamba jambia la marehemu aliyetajwa hapo juu lilitangazwa kuwa bandia mbele ya mjane wake na majirani zake, wakati ni halisi. Taji, herufi na namba viko mgongoni mwa chuma, na mpini una skrubu mbili za kiwandani. Nimeviona kwa macho yangu baada ya ngozi kukatwa.

2. Ngozi iliyokatwa ilikuwa ya dume la msiba wa marehemu. Ilitupwa kwenye debe la kuwashia moto. Hili nalo ni kosa, hata kama haliko kwenye kanuni zenu.

3. Mlalamikiwa wa kwanza ni Ndugu Alfonsi, mtaalamu wa silaha, ambaye huita vitu halisi bandia ili visiingie kwenye daftari, kisha huvitoa kwa mgeni. Niko tayari kutaja kila kijiji tulikofanya hivyo na kila jina ninalolikumbuka.

4. Mlalamikiwa wa pili ni mtu aliyelishika jambia akahisi skrubu kwa kidole chake, akajua, na akalitamka neno bandia kwa lugha ya wenyeji ili kila mtu aelewe. Bila yeye lile neno lisingefika masikioni mwa mjane.

5. Siombi fidia. Naomba jambia lirudishwe kama bado lipo. Kama halipo, naomba mtu mwenye cheo aende Butiama kabla mjane hajahamishwa, asimame mbele ya watu wale wale, aseme kwamba Wambura alikuwa askari na hakusema uongo. Naomba mlalamikiwa wa pili alazimishwe kuwepo na kusema vivyo hivyo kwa mdomo wake.

6. Nimeambiwa malalamiko ya mdomo hayana faili. Haya yameandikwa. Naomba yapewe namba, na nitakaa kwenye benchi mpaka nione namba hiyo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Nyabise, mama Manyama,
mlalamikaji,
na ndiye mlalamikiwa wa pili.